Faiba imefika Meru na Embu, kipande cha kuipokea kiko wapi?

Mei 2024 sisi wa Pwani na wenzetu wa Embu tulikuwa hatutazamani usoni. Gavana wa Mombasa, Abdulswamad Nassir, alipiga marufuku muguka, Kilifi na Taita Taveta wakafuata, Gavana wa Embu Cecily Mbarire akaja juu kuwatetea wakulima wake wa Mbeere, Rais akaingilia kati, na mahakama kule Embu ikasimamisha marufuku ile. Mengi yaliandikwa wakati ule, yangu yakiwemo, na msimamo wangu kuhusu muguka haujabadilika hata chembe.

Lakini mwezi ule ule kulitokea jambo jingine lililotugusa sote, wa huku na wa kule, na tukalisahau baada ya wiki moja. Tarehe 12 Mei mikongo miwili ya baharini, EASSy na SEACOM, ilikatika upande wa Afrika Kusini. Intaneti ikazorota karibu Afrika Mashariki nzima. Aliyekuwa Mombasa hakuweza kufungua ukurasa, na aliyekuwa Meru hali ilikuwa hiyo hiyo. Tangu siku ile watu wengi wamepata pa kutupia lawama: mtandao ukisuasua kidogo tu, utasikia "ni ule mkongo wa baharini". Bahari imekuwa punda wa kubebeshwa kila mzigo.

Nimerudi majuzi kutoka upande ule wa Mlima Kenya. Nilichokiona huko kimenionyesha kwamba lawama nyingi tunazitupa mbali mno. Tatizo liko ndani ya kabati la chuma ukutani, mita chache kutoka kwa karani anayekwambia urudi kesho.

Nianze na safari yenyewe. Mkongo wa TEAMS ulitua Mombasa Juni 2009 ukitokea Fujairah, kule Imarati, na Rais Kibaki mwenyewe akaja kuupokea. SEACOM ukaanza kazi Julai mwaka huo huo. Baadaye ikaja EASSy, LION2, DARE1 na PEACE. Yote hiyo inaingilia kwetu, kwenye pwani yetu, kisha inapanda kwenda Nairobi na kutawanyika. Serikali nayo ilichimba mtandao wake wa nchi kavu unaoitwa NOFBI, na awamu yake ya pili ilijengwa na Huawei kwa mkopo wa Benki ya Exim ya China ili kufikisha faiba kwenye makao makuu ya kaunti. Kwa hivyo Mmeru anayetuma picha kwa mwanawe aliyeko Dubai, picha ile huenda imepita chini ya mchanga wa pwani yetu.

Nao hawatupi sisi muguka na miraa peke yake. Mabwawa ya Mto Tana, yaani Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, yako huko kwao au mpakani mwao, na kutoka Kiambere kuna laini kubwa ya umeme ya kilovolti 220 inayoshuka hadi Rabai. Umeme unashuka, intaneti inapanda. Ni jirani ambaye hatujajua kama ni jirani.

Sasa nije kwenye kisa. Nilikwenda kwa shughuli ya kifamilia, na siku ya pili mkwe wetu mmoja, mama mtu mzima, akapandwa na presha. Tukampeleka hospitali moja ya upande ule, ambayo sitaitaja kwa sababu nijuavyo mimi hospitali nyingi ziko hivyo hivyo, za kwetu zikiwemo. Unajua utaratibu tangu SHA ilipochukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024: mgonjwa lazima athibitishwe kwenye mtandao kabla ya bima kumlipia. Tukafika saa tatu asubuhi. Karani akatazama kompyuta, akatutazama sisi, akasema yale maneno ambayo kila Mkenya anayajua: "Sistimu iko chini."

Saa nne. Saa tano. Wenye pesa mfukoni walilipa taslimu wakaenda zao. Mama mmoja aliyekuwa na mtoto mgongoni alisimama, akakaa, akasimama tena, mwisho akaondoka. Sikuuliza anakwenda wapi. Mkwe wetu tulimlipia, alhamdulillahi, akahudumiwa. Lakini nilibaki na donge.

Kabla ya kushika kalamu nilisomea diploma ya kompyuta na nikavuta nyaya kwenye maofisi kwa miaka kadhaa, kwa hivyo sikuweza kukaa kimya. Nikamtafuta fundi wa mtandao wa pale, kijana mstaarabu, nikamuuliza kama tatizo ni SHA au ni wao. Akacheka kidogo. "Ustadhi," akasema, "Nairobi inafanya kazi. Hata faiba ya kuingia hapa inafanya kazi. Njoo uone."

Akanifungulia kabati. Ndani kulikuwa na swichi nzuri ya milango 48, ya kampuni kubwa yenye jina, haijapata hata mikwaruzo. Upande wa kulia, usoni pake, palikuwa na nafasi ya mraba iliyofunikwa kwa kibati kitupu. Na pembeni, ukutani, palikuwa na kisanduku cha faiba zilizokunjwa vizuri kama kamba za nahodha, ncha zake zimevikwa vifuniko vya vumbi. Faiba zile zilikuwa zimevutwa kutoka jengo hadi jengo, hadi wodi za mwisho kabisa. Hazikuchomekwa popote. Hapakuwa na pa kuzichomeka.

Kile kibati kitupu ndicho makala haya yote.

Swichi, kwa asiyejua, ni kile kisanduku kinachounganisha kompyuta za jengo moja na kuzipatia njia ya kutokea nje. Kila kompyuta ina waya wake unaoingia kwenye mlango mmoja. Milango 48 ya kawaida kila mmoja hupitisha gigabiti 1 kwa sekunde. Lakini watu 48 walioingia ndani ya chumba wanahitaji kutoka pia, na njia ya kutokea ndiyo mambo yote. Fikiria kivuko cha Likoni siku ya Idi. Barabara zote za Kwale zinamimina watu pale, tuktuk, matatu, malori, waendao kwa miguu, kisha feri ni moja. Hata ukiongeza barabara kumi upande wa Likoni hujasaidia kitu. Unachohitaji ni feri.

Feri ya swichi ndiyo moduli. Ni kipande cha ukubwa wa kitabu kidogo cha mfukoni, kinachoteleza na kuingia kwenye ile nafasi ya mraba. Chukua mfano wa swichi za Cisco za aina ya Catalyst 9300, ambazo ziko sokoni tangu 2017 na zimeenea maofisini. Swichi ile ile moja unaweza kuivika moduli ya milango 4 ya gigabiti 1, au ya milango 8 ya gigabiti 10, au ya milango 2 ya gigabiti 25, au ya milango 2 ya gigabiti 40. Kesho kazi ikiongezeka unachomoa ndogo, unachomeka kubwa, bila hata kuzima swichi. Kompyuta za watu zinaendelea. Na moduli kadhaa za toleo lililotangulia, la Catalyst 3850, zinaingia kwenye 9300 pia, kwa hivyo aliyenunua zamani hakulazimika kutupa kila kitu.

Na swichi hiyo ukiinunua bila moduli itawaka. Taa zote za kijani zitacheza. Kompyuta za chumba kile zitaonana. Ila ile milango ya faiba haipo. Utabaki kutumia mlango mmoja wa kawaida, wa waya wa shaba, kama njia yako ya kutokea: feri moja ndogo, siku ya Idi.

Nikamuuliza kijana yule wodi za mbali zinapata vipi mtandao. Akanitoa nje, akanionyesha waya wa shaba umepita juu ya paa la mabati, ukaingia kwenye kiswichi kidogo kilichofichwa chini ya dari ya varanda, ukatoka tena, ukaenda wodi ya pili. Sababu yake ni kwamba waya wa shaba wa mtandao hauaminiki ukizidi mita 100, na hospitali zetu nyingi zilijengwa majengo kando kando, kila wodi na bustani yake. Basi ukizidi mita 100 unaweka kituo katikati. Na mvua za Mlima Kenya zikija na radi, waya ule wa shaba juu ya paa unapokea msukosuko wa umeme na kuufikisha mpaka ndani. Kile kiswichi cha varandani kilikuwa cha tatu, viwili vilishaungua. Siku ile tuliyofika kilikuwa kimekwama tangu usiku, mvua ilikuwa imenyesha.

Faiba haina tabia hiyo. Ni uzi wa kioo, unapitisha mwanga, haupitishi umeme. Radi ikipiga wodi ya mwisho, faiba haitaileta kwenye kabati kuu. Na kwa umbali, faiba ya aina inayotumika masafa marefu, ukiwa na transiva ya kawaida tu, hufika kilomita 10. Hospitali gani hapa Kenya ina kilomita 10 kutoka geti hadi wodi ya mwisho? Kila tatizo la varanda lile lilishatibiwa na faiba iliyokunjwa ukutani. Dawa ipo, kijiko hakuna.

Ilikuwaje basi? Hapa ndipo habari inapokuwa ya siasa, wala si ya nyaya. Kijana aliniambia waraka wa zabuni uliandika kwamba inatakiwa swichi ya milango 48 "inayoweza kupokea moduli". Mleta bidhaa akaleta swichi inayoweza kupokea moduli. Hakudanganya. Haikuandikwa popote kwamba moduli yenyewe iletwe, wala transiva zake, ambazo nazo ni vipande vidogo vinavyoingia ndani ya moduli na kugeuza umeme kuwa mwanga. Vilevile hakukuandikwa aina ya faiba iliyolazwa. Kamati ya ukaguzi na upokeaji, ambayo sheria ya ununuzi wa umma ya 2015 inataka iwepo, ikahesabu maboksi, ikaona idadi inalingana, ikatia saini. Boksi zilitimia. Mtandao haukutimia.

Nimekaa kwenye kamati kama hizo, nikiwa upande wa mleta bidhaa. Nakuapia, sijaona hata siku moja mjumbe akisema, "Chomeka faiba hiyo, nione wodi ya watoto inapata mtandao." Hesabu boksi, soma namba ya mashine, kunywa chai.

Tatizo la pili ni gumu zaidi, na ndilo ambalo viongozi wetu wangelijua wangenunua kwa akili tofauti kabisa. Etheneti, ile lugha ambayo mashine hizi zinazungumza kwenye waya, ni ya watu wote. Robert Metcalfe na wenzake waliianzisha Marekani 1973 katika maabara ya Xerox, na tangu 1983 ni kanuni iliyochapishwa ambayo kampuni yoyote duniani inaweza kuifuata. Ndiyo maana kompyuta ya kampuni moja inaongea na swichi ya kampuni nyingine bila ugomvi. Lakini ile nafasi ya mraba usoni mwa swichi si ya watu wote. Umbo lake, pini zake, na programu inayoitambua ni mali ya kampuni. Moduli ya Huawei haiingii kwenye swichi ya Cisco, ya Cisco haiingii kwenye ya Aruba, na hata ndani ya kampuni moja, ya aina hii haiingii kwenye aina ile isipokuwa pale walipoamua wenyewe iingie. Hata zile transiva ndogo, ambazo umbo lake kampuni zilikubaliana liwe moja, swichi nyingine huzikataa zikitoka kwa mwingine: inasoma jina, inaona si la kwake, inafunga mlango mpaka fundi aipe amri maalumu ya kuukubali.

Kwa hivyo ukinunua chasi leo, umenunua pia mtu utakayemrudia kwa miaka kumi. Hiyo si lazima iwe kosa. Kwa mfano Cisco ilitoa chasi yake ya Catalyst 6500 mwaka 1999, na waliokuwa nayo waliendelea kubadilisha kadi za ndani, kubwa zaidi mwaka 2003, chuma cha nje kikiwa kile kile. Aliyejua alichonunua alikula mali yake vizuri. Asiyejua anabaki na chuma chenye tundu.

Na sheria yetu inamchanganya zaidi asiyejiandaa. Kifungu cha 60 cha sheria hiyo ya ununuzi kinakataza zabuni kutaja jina la kampuni, labda uongeze maneno "au inayolingana nayo". Ni sheria nzuri, inazuia upendeleo. Lakini mwandishi wa zabuni anayeiogopa anaandika maneno ya jumla jumla, na maneno ya jumla ndiyo yaliyoleta kile kibati kitupu. Kumbe sheria hiyo hiyo, kifungu cha 103, inaruhusu kununua moja kwa moja kwa aliyekuuzia mwanzo pale ambapo kipande kipya ni lazima kioane na ulichonacho. Njia ipo. Nayo ni njia ya hatari pia, kwa kuwa anayejua kwamba huna pengine pa kwenda ndiye atakayekupangia bei. Dawa yake ni kununua moduli na transiva siku ile ile ya kwanza, wakati kampuni tano bado zinashindania zabuni yako na kila moja inakubembeleza.

Bei ya moduli, mara nyingi, ni chini ya nusu ya bei ya swichi. Naandika hivi ili msomaji asidhani tunazungumzia mabilioni. Mabilioni yako kwingine. Serikali hii imeahidi kilomita 100,000 za faiba, na Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 390 mwaka 2023 kwa mradi wa kuharakisha uchumi wa kidijitali. Kilomita ndizo zinazohesabika kwenye hotuba. Waziri anaweza kusimama Nkubu au Runyenjes akasema faiba imepita hapa kilomita kadhaa, na watu wakapiga makofi, na asiseme uongo. Hakuna mwanasiasa aliyewahi kukata utepe mbele ya moduli.

Tumeshaliona hili kwa mashine za hospitali. Mwaka 2015 serikali ya taifa ilizikodishia kaunti vifaa vya matibabu, hospitali mbili kila kaunti, mashine za figo, eksirei, vyumba vya wagonjwa mahututi. Baadhi ya kaunti zilipokea mashine zikakaa ndani ya maboksi kwa sababu umeme hautoshi, au chumba hakijajengwa, au mtaalamu hayupo. Seneti ikaunda kamati, ripoti ikatoka 2020, ikawa kali kweli kweli. Pesa zilikwishakwenda. Na hizo mashine zilizofanya kazi, mashine ya CT kwa mfano, mgonjwa mmoja tu anaweza kutoa picha za mamia ya megabaiti. Picha hizo zikitaka kutoka chumba cha eksirei kwenda kwa daktari wa wodi kupitia kile kiswichi cha varandani, bora uzitie kwenye diski umpe mhudumu akimbie nazo. Na ndivyo wanavyofanya, kijana aliniambia, tena bila kuona haya.

Isisemwe kwamba natetea moduli kila mahali. Zahanati ndogo ya Mbeere yenye kompyuta nne na printa haihitaji swichi ya kuvikwa moduli. Inunue swichi ya kawaida iliyokuja na milango yake miwili au minne ya faiba iliyojengewa humo humo. Ni rahisi zaidi, ikiharibika unaitoa nzima unaweka nyingine. Kununua chasi kubwa yenye matundu manane kwa ajili ya zahanati ni israfu, na israfu tumekatazwa. Nafasi za moduli ni za mahali panapokua: hospitali kuu za Meru na Embu, makao makuu ya kaunti, vyuo. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru pale Nchiru kilipata hati yake 2013, na Chuo Kikuu cha Embu kikapata 2016. Taasisi changa kama hizo huanza na wanafunzi wachache, na miaka michache baadaye kila mwanafunzi ana simu na laputopu. Mahali kama hapo ukinunua swichi iliyofungwa, umenunua ukuta.

Jambo moja ambalo si Meru wala Embu, si Kilifi wala Lamu, wanalifanya vya kutosha kwa maoni yangu, ni akiba. Kaunti moja peke yake haiwezi kuweka stoo ya moduli za kila aina. Lakini kaunti tatu zinazofuatana barabara moja, Embu, Tharaka-Nithi na Meru, zikikubaliana kutumia familia moja ya swichi kwa hospitali zao kubwa, zinaweza kuweka moduli chache za akiba Chuka, katikati, na fundi wa upande wowote akazifikia siku hiyo hiyo. Jumuiya ya kiuchumi ya kaunti za kati wanayo tayari, wamo wote watatu. Sisi huku tuna Jumuiya ya Kaunti za Pwani, sita: Mombasa, Kwale, Kilifi, Tana River, Lamu na Taita Taveta. Mara ya mwisho magavana wetu walipoonekana wakisema kauli moja ilikuwa kuhusu muguka, na hata hapo hawakuwa wote. Kukubaliana swichi gani inunuliwe ni rahisi zaidi, hakuna mkulima atakayeandamana.

Kuna atakayeniambia kwamba kutumia familia moja ni kujifunga kwa kampuni moja. Ni kweli. Lakini ukweli ni kwamba tumeshafungwa, tena na kampuni nne tano kwa wakati mmoja, kila idara na kamba yake, na hatuna akiba ya yoyote. Mimi naona bora kamba moja niliyoichagua nikiwa macho, yenye bei ya vipuri iliyoandikwa ndani ya mkataba wa kwanza kwa miaka mitano, kuliko kamba tano nilizofungwa nikiwa usingizini.

Wala nisiwaonee watu wa mlimani. Meru wamepita kipindi kigumu. Gavana Kawira Mwangaza aliletewa hoja ya kumng'oa mara tatu, ya tatu ikafaulu mbele ya Seneti Agosti 2024, kesi ikaendelea mpaka Machi 2025 ndipo naibu wake akaapishwa. Katikati ya vita kama hivyo nani ataulizia kibati cha swichi? Lakini sisi tulio na utulivu zaidi, tumeuliza? Nenda kwenye kabati la mtandao la ofisi yoyote kubwa ya umma hapa Pwani. Chumvi na joto la huku vinakula pini haraka kuliko baridi ya Meru, na kibati kikikaa wazi mwaka mmoja, tundu lake linaota kutu. Nimeviona vibati hivyo Mombasa pia. Nilikuwa sijavipa maana.

Bajeti za kaunti husomwa na kupitishwa kabla ya mwaka wa fedha kuanza tarehe 1 Julai, na katiba inataka wananchi waulizwe maoni. Mikutano hiyo huwa na watu wachache, wengi wao wakisubiri soda na nauli. Atakayekwenda safari hii, Meru au Malindi, si lazima ajue Etheneti ni nini. Aulize kama swichi zinazonunuliwa zinakuja na moduli na transiva zake. Aulize faiba iliyolazwa mwaka jana imechomekwa wapi. Na aombe kamati ya upokeaji isitie saini mpaka wodi ya mwisho ifungue ukurasa wa SHA mbele yao.

Njiani kurudi tulipita daraja la Nithi, pale ambapo Julai 2022 basi lililokuwa likija kwetu Mombasa lilitumbukia na watu zaidi ya 30 wakapoteza maisha. Abiria wote wakanyamaza, kama kawaida ya pale. Simu yangu ilikuwa na mtandao safi kabisa, baa nne, katikati ya bonde lile. Nikampigia kijana yule kumshukuru, nikamuuliza kama kile kiswichi kimewaka.

"Kimewaka saa nane," akasema. "Nimekiwekea mfuko wa plastiki juu, maana mvua inarudi jioni."